Likizo Iliyokwama Ndani ya Kompyuta

Bila shaka umewahi kuamka saa kumi usiku ukakuta mtoto anachemka kwa homa. Unamkanda kwa kitambaa cha maji, unamwamsha baba yake, unatafuta dawa gizani. Na kabla jogoo hajawika, wazo la pili limeshaingia kichwani: kazini nitasemaje?

Mmoja wetu, kabla hajaja kuandika katika kurasa hizi, alikuwa karani wa mahesabu katika kampuni moja ya mjini. Asubuhi kama hiyo ilimkuta mwaka 2009. Kampuni ilikuwa imenunua programu kubwa ya kompyuta ya kuendeshea shughuli zote: mishahara, stoo, ununuzi, safari na likizo. Fomu za karatasi zilikuwa zimepigwa marufuku. Basi mwenzetu alimwacha mtoto kwa jirani, akapitia ofisini mbio mbio, akawasha kompyuta na kuandika neno lake la siri. Likakataliwa. Akaandika tena, likakubali. Akajaza ombi la siku nne, akabonyeza pale palipoandikwa tuma, akakimbilia zahanati.

Siku ya tano alirudi kazini na cheti cha daktari mkononi. Mezani kwake alikuta barua ya kujieleza: kwa nini hukuonekana kazini siku nne bila ruhusa?

Ombi lake halikuwa limepotea. Lilikuwa ndani ya ile programu muda wote, likimsubiri meneja alikubali. Meneja alikuwa safarini Mwanza, na ile programu alizoea kuifungua mwisho wa mwezi tu, wakati wa mishahara. Lakini barua pepe! Barua pepe alizisoma asubuhi, mchana na usiku, hata kijiko kikiwa mdomoni. Katika siku zile nne alikuwa amemjibu kila mtu. Mwenzetu angemwandikia mistari miwili tu angejibiwa kabla ya saa sita mchana. Hata hivyo jibu hilo lisingemsaidia, kwa sababu amri ya ofisi ilisema likizo huombwa ndani ya programu, na nje ya hapo hakuna likizo.

Siku nne zilikatwa kwenye mshahara wake. Alizirudishiwa baada ya miezi miwili, bila neno la pole.

Tumeianza habari hii kwa kisa hicho kwa sababu akina mama wengi wanaofanya kazi maofisini wamekutana na jambo kama hilo na wakadhani wao ndio wajinga wa kompyuta. Sivyo. Kosa lilikuwa kwamba ofisi ilikuwa na nyumba mbili. Watu walikuwa wakiishi katika nyumba moja, ile ya barua pepe, na mambo yao yakiamuliwa katika nyumba nyingine ambayo hakuna aliyependa kuingia. Tatizo hili lilijulikana duniani mapema, na kampuni mbili kubwa zilikuwa zimeshajaribu kuliondoa kabla mtoto wa mwenzetu hajaugua.

WALIOTAKA KUOANA

Kampuni ya kwanza ni SAP ya Ujerumani. Ilianzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka katika kampuni ya IBM, na makao yake makuu yako katika mji mdogo wa Walldorf. Kazi yake ni kutengeneza programu za aina ile ile tuliyoitaja: programu zinazoshika mahesabu, bidhaa zilizo stoo, oda za ununuzi, mishahara na kumbukumbu za wafanyakazi, ili jambo moja likiandikwa mahali pamoja lionekane kila panapohusika. Mfanyakazi akipewa likizo, hesabu ya siku zake inapungua, na idara ya mishahara haina haja ya kuuliza. Ni uwezo mkubwa. Lakini waliozitumia programu hizo watakuambia kwamba hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayezifungua mara mbili kwa mwezi. Skrini imejaa visanduku, kila jambo lina namba yake, na neno la siri linabadilishwa kabla hujalikariri.

Kampuni ya pili ni Microsoft ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1975. Hii ndiyo yenye Outlook, programu ya barua pepe na kalenda iliyotoka mwaka 1997 na kuenea katika maofisi ya nchi nyingi. Barua pepe yenyewe ni ya zamani zaidi. Ray Tomlinson, Mmarekani, ndiye aliyetuma mwaka 1971 barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mtandao, na ndiye aliyechagua ile alama ya @ tunayoiandika mpaka leo. Barua pepe haihitaji semina. Anayejua kuandika barua ameshajua nusu ya kazi.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wasomaji wetu watalifurahia. Mwishoni mwa mwaka 2003 Microsoft iliiposa SAP. Ndiyo, zilizungumza juu ya kuungana ziwe kampuni moja. Mazungumzo yalivunjika kimya kimya, na watu wa nje wakaja kuyasikia mwezi wa Juni 2004, wakati wa kesi ya watu wengine kabisa mahakamani huko Marekani. Posa ilikufa, lakini ujirani ulibaki. Mwezi wa Aprili 2005, katika mkutano uliofanyika Copenhagen, Denmark, kampuni hizo mbili zilitangaza kwamba zitatengeneza kitu kimoja kwa pamoja. Kwanza walikiita Mendocino, jina la mji wa pwani ya California. Kilipoanza kuuzwa mwaka 2006 kiliitwa Duet, maana yake wimbo wa sauti mbili. Dada yeyote wa kwaya anajua ugumu wa wimbo wa namna hiyo: mmoja akikosa pumzi, mwenzake anabaki peke yake mbele ya watu.

Wazo lilikuwa rahisi kulieleza. Usimwite meneja aje kwenye programu kubwa. Peleka mambo ya programu kubwa pale ambapo meneja ameshakaa, yaani ndani ya barua pepe yake.

OMBI LINAVYOSAFIRI

Tuchukue likizo hiyo hiyo, kwa sababu ilikuwa mojawapo ya kazi nne za kwanza ambazo Duet ilizifanya. Nyingine zilikuwa kuandika saa za kazi, kutoa taarifa bajeti inapokaribia kumalizika, na kuonyesha mfanyakazi yupi yuko chini ya nani.

Mama anafungua kalenda yake katika Outlook, ile ile anayoandikia mikutano. Anachagua siku anazotaka na kuziandika kuwa ni za likizo. Pembeni ya skrini kinajitokeza kisanduku kinachomwambia amebakiza siku ngapi. Siku hizo hazikuandikwa na mtu, zimeletwa muda huo kutoka SAP. Anatuma. Kwa meneja inaingia barua pepe kama barua nyingine zote, ila hii ina vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa, na pembeni yake anaona ni nani mwingine katika idara anaondoka siku hizo. Meneja anabonyeza. Hapo hapo SAP inaandika, hesabu ya siku inapungua, na kalenda ya mama inaonyesha kwamba ruhusa imetoka. Hakuna aliyetoka nje ya barua pepe yake, na hakuna aliyeandika jambo moja mara mbili.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya barua pepe ya kawaida na hii tunayoieleza. Ukimwandikia bosi na akakujibu "sawa", hilo ni neno la mtu kwa mtu. Linaweza kusahaulika, na afisa utumishi hana habari nalo. Kitufe kile kinaandika kwenye kitabu kikuu. Ni sawa na tofauti kati ya kuahidiwa mchango wa harusi na kuandikwa kwenye daftari la kamati ukiwa umeshatoa.

Baadaye Duet iliongezewa kazi nyingine, zikiwemo safari za kikazi na uajiri. Lakini tusimpambe bibi harusi kupita kiasi. Kuiweka Duet ofisini haikuwa kazi ya mchana mmoja. Ilihitaji kompyuta yake ya kati, na kampuni zilizokuwa na programu za SAP za matoleo ya zamani zilipaswa kwanza kuzibadilisha, jambo la gharama na la miezi. Mwaka 2011 kampuni hizo mbili zilitoa Duet ya namna nyingine, na leo jina lenyewe halisikiki tena maofisini. Wazo ndilo lililobaki. Tangu mwaka 2017 Outlook yenyewe inaweza kupokea barua zenye vitufe kutoka programu za namna nyingi. Mwaka huo huo Microsoft ilileta Teams, ambayo ni mahali pa wafanyakazi kuandikiana ujumbe na kufanya mikutano, na Januari 2021 ikatangaza pamoja na SAP kwamba wataunganisha Teams na programu za SAP. Wimbo ule ule, ukumbi mpya.

Kwa mama anayefanya kazi, haya si mambo ya mafundi tu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, siku 84 za uzazi, na katika mzunguko wa likizo si chini ya siku 4 zenye malipo kwa ajili ya mambo kama mtoto kuugua. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka na miezi mitatu ya uzazi. Haki hizo zimeandikwa vizuri. Lakini haki inayopita ndani ya programu ambayo bosi haifungui inakuwa kama chakula kilichofungiwa kabatini na mwenye ufunguo amesafiri.

Kwa hiyo tunakushauri, dada, usisubiri homa ya saa kumi usiku. Siku ya utulivu mwulize afisa utumishi wako: nikiomba ruhusa, ombi langu linamfikia mkuu wangu wapi? Linaingia kwenye barua pepe anayoisoma, au linakaa ndani likimsubiri? Akisafiri, nani anashika nafasi yake? Programu nyingi za aina hii zinaruhusu kuandika jina la kaimu, ila mtu asipoandikwa mashine haiwezi kumbuni. Uliza pia kama wewe unabaki na nakala yenye tarehe na saa. Mwenzetu aliokolewa na hiyo tu: fundi wa kompyuta, kijana mwenye huruma, alimchapishia ukurasa ulioonyesha kwamba ombi lake lilitumwa saa moja na dakika arobaini asubuhi ya siku ya kwanza.

WEWE UNAYEBONYEZA

Wako pia wasomaji wetu ambao si waombaji. Ni wakuu wa idara, walimu wakuu, wahasibu, wauguzi wakuu, na mambo yanawafikia wao ili wayakubali. Kwao tuna la kusema kidogo zaidi, kwa kuwa kitufe kinachorahisisha kazi kinarahisisha makosa vilevile.

Zamani vocha ya malipo ilikuja na faili. Ulilifungua, ukaona ankara, ukaona sahihi ya mtu wa stoo kwamba mzigo umefika, ndipo ukachukua kalamu. Uzito wa faili peke yake ulikukumbusha kwamba hizi ni fedha. Sasa malipo ya shilingi milioni kumi yanakuja kwa umbo lile lile la likizo ya siku moja, vitufe viwili, na kidole kimeshazoea kile cha kukubali. Mama mmoja mhasibu alituambia kwamba aliwahi kukubali malipo kumi na manne akiwa ndani ya daladala, na alipofika nyumbani hakukumbuka hata moja. Siku hizi malipo yote huyaacha mpaka akae mezani, na barabarani hukubali likizo tu. Tunaona ni busara.

Kuna wezi pia, na wezi wameipenda barua pepe kuliko sisi. Kati ya mwaka 2013 na 2015 mtu mmoja wa Lithuania alizitumia Facebook na Google ankara za uongo kwa barua pepe, akijifanya ni kampuni ya Asia iliyokuwa ikiwauzia vifaa. Wakalipa. Zaidi ya dola milioni 100 zilitoka kabla hajagunduliwa, na mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka mitano. Kama kampuni zenye mafundi wengi kiasi hicho ziliibiwa kwa barua tu, ofisi yenye wahasibu wawili ijihadhari. Kwa mwaka 2023 pekee, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii, wa kughushi barua pepe za kazini, yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Hapa ndipo muungano tuliouzungumzia unaposaidia, na ndipo unapohatarisha. Unasaidia kwa sababu malipo yanayopita ndani ya mfumo yanalinganishwa na oda ya ununuzi na mzigo uliopokelewa. Barua inayosema tu "Mama, lipa hii haraka, niko kikaoni" haina mzizi wowote kwenye kitabu kikuu, hata kama jina la mkurugenzi limeandikwa juu yake. Inahatarisha kwa sababu mwizi naye anaweza kukuchorea barua yenye vitufe viwili vizuri, na ukivibonyeza vikakupeleka kwenye ukurasa unaokuuliza neno lako la siri. Ukiombwa neno la siri mahali ambapo kwa kawaida huombwi, acha. Fungua programu kubwa wewe mwenyewe, kwa njia yako ya kila siku, uangalie kama ombi hilo limo. Ikiwa ni kubadilisha namba ya akaunti ya benki ya mtu mnayemlipa, pigia simu kwa namba mliyo nayo tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua.

OFISI INAPOINGIA JIKONI

Limebaki jambo ambalo akina mama walituzungumzia kuliko yote mengine tulipokuwa tunaandaa habari hii. Kazi ikiingia kwenye barua pepe, na barua pepe ikiingia kwenye simu ya mkononi, kazi imeingia nyumbani. Programu kubwa ya zamani ilikuwa na wema mmoja ambao hatukuutambua: ilibaki ofisini. Ukifunga mlango, umeiacha humo. Sasa ombi la kijana wa stoo linakukuta unasonga ugali. Ukilikubali, mwingine anajua uko macho na analeta lake. Bwana naye ana simu yake. Mezani mnakaa watano, na wawili wako kazini.

Wenzetu wa Ulaya wameliona. Mwaka 2011 kampuni ya magari ya Volkswagen huko Ujerumani ilikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi kwamba kwa wale waliohusika na makubaliano hayo, barua pepe zisipelekwe kwenye simu zao kuanzia nusu saa baada ya zamu kwisha mpaka nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Wakuu hawakuhesabiwa, na wake zao watakuwa na maoni yao. Mwaka 2014 Daimler, wajirani wao katika biashara ya magari, waliruhusu mfanyakazi aliye likizo achague barua zinazomjia zifutwe, na aliyeandika apewe jina la mtu mwingine wa kumtafuta. Ufaransa ilitunga sheria, na tangu tarehe 1 Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinapaswa kukaa na wafanyakazi na kuzungumza juu ya haki ya mtu kutojibu mambo ya kazi baada ya saa za kazi.

Huku kwetu wengi tunategemea makubaliano ya mdomo, na makubaliano hayo yanaanza kwa wakuu. Wewe uliye mkuu, ukiidhinisha jambo saa tano usiku, aliye chini yako anaona saa hiyo kwenye barua na anafahamu kwamba hata yeye anatazamiwa awe macho. Liache mpaka asubuhi, isipokuwa ni la mgonjwa au la msiba. Ombi la ruhusa ya mtoto mgonjwa, hilo lijibu hata ukiwa kitandani.

Mwenzetu wa siku nne alihamia ofisi nyingine ambako maombi yanakuja kwenye simu, na kwa miaka mingi akawa yeye ndiye anayeyakubali. Alipojiunga nasi alikuja na mazoea ya nyumbani kwake. Saa moja jioni simu mbili, yake na ya bwana, huingia kwenye kabati la vyombo na hutoka saa mbili na nusu, watoto wakiwa wameshakula na kuonyesha madaftari. Wiki ya kwanza bwana alinung'unika sana, akasema meneja wake atamtafuta. Meneja hakumtafuta. Kabati lina kufuli, na ufunguo anashika yule mtoto aliyekuwa na homa. Sasa ni kijana wa kidato cha sita, na wazazi wake wanasema hana huruma hata kidogo.